Unga wa kolajeni, makunyanzi na mkorogo: sayansi inasema nini hasa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 49 na hedhi ilikoma mwaka jana. Mwalimu mwenzangu anauza unga wa kolajeni peptaidi, kopo la siku 30 ni Sh 95,000. Anasema unarudisha ujana wa ngozi na kwamba umethibitishwa kisayansi. Kipeperushi chake kinasema makunyanzi yalipungua kwa asilimia 20 ndani ya wiki 8. Mume wangu anasema ukinywa unasagwa tumboni kama nyama nyingine yoyote, kwa hiyo ni pesa ya kutupa. Nani mkweli? Niongeze tu kwamba zamani nilitumia mkorogo kwa miaka sita. Niliacha miaka miwili iliyopita, lakini ngozi ya usoni imebaki nyembamba na vimishipa vinaonekana. Huu unga unaweza kuirudisha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole na kazi ya chaki.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni la unga. La pili ni la mkorogo, nalo umelitia mwishoni kana kwamba ni nyongeza tu. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo zito zaidi, ila siwezi kulijibu vizuri kabla hujajua kolajeni ni kitu gani, mwili unaitengenezaje na nini huiharibu. Kwa hiyo nivumilie kidogo, nianzie jikoni.

Ukipika supu ya kongoro ukaiacha usiku kucha mahali penye baridi, asubuhi unaikuta imeganda, ukiigusa inatikisika. Kile kilichoganda ni jelatini, na jelatini ni kolajeni ya kano, ngozi na mifupa ya mguu wa ng'ombe iliyofumuliwa na moto. Kabla ya kufumuliwa, kolajeni ni kamba. Wewe wa Tanga unaijua kamba ya mkonge: nyuzi nyembamba zikisokotwa pamoja zinavuta mzigo ambao uzi mmoja usingeuweza. Kolajeni nayo ni nyuzi tatu ndefu za protini zilizosokotana, na kamba hizo ndizo zinazoishikilia ngozi isilegee. Ukiikausha maji yote ngozi ya ndani, ile iliyo chini ya tabaka la juu, karibu robo tatu ya kitakachobaki ni kolajeni.

Kiwandani wanachukua ngozi na mifupa ya ng'ombe, ngozi za nguruwe, au ngozi na magamba ya samaki, wanapata jelatini, kisha wanaikatakata kwa vimeng'enya mpaka inabaki vipande vifupi visivyoweza kuganda tena. Vipande hivyo vifupi vya protini ndivyo peptaidi. Molekuli moja ya kolajeni nzima ina uzito wa daltoni kama 300,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa vitu vidogo kama molekuli). Vipande vya kwenye kopo mara nyingi huwa na daltoni elfu chache tu, ndiyo maana unga wake unayeyuka hata kwenye maji ya baridi. Kwa hiyo usiuogope kwa jina lake la maabara. Ni ndugu wa karibu wa ile supu ya kongoro.

Sasa hoja ya mumeo. Ni hoja nzuri, na mimi mwenyewe niliwaambia wagonjwa hivyo hivyo kwa miaka mingi: protini yoyote unayokula inavunjwa kuwa asidi amino, zinaingia kwenye damu, na mwili hauulizi hii ilitoka kwenye kolajeni au kwenye maharage. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Lakini kolajeni ina asidi amino moja ambayo ni adimu kwenye vyakula vingine, haidroksiprolini. Ikishikana na mwenzake prolini, vimeng'enya vya utumbo vinapata taabu kuwatenganisha. Mwaka 2005 watafiti wa Japani waliwapa watu wenye afya jelatini iliyokatwakatwa, wakawapima damu, na wakaviona vipande vya prolini na haidroksiprolini vikiwa bado vimeshikana, vinazunguka mwilini saa moja hadi mbili baada ya kunywa. Miaka minne baadaye, Wajapani hao hao waliweka kipande hicho kwenye seli za ngozi ya panya maabara, seli zikaongezeka. Seli zenyewe huitwa faibroblasti, na ndizo mafundi wanaosokota kolajeni ya ngozi. Dhana iliyozaliwa hapo ni kwamba mafundi hao wakiviona vipande vya kolajeni vinapita, wanavichukulia kama taarifa kwamba kuna kamba imekatika mahali, wanaingia kazini.

Dhana hiyo inapendeza, na ndiyo iliyonifanya niache kusema "inasagwa tu tumboni". Hata hivyo, kipande kufika kwenye damu ni jambo moja, na kipande kubadilisha uso wa mtu ni jambo jingine kabisa. Kati ya sahani ya maabara na shavu lako kuna safari ndefu, na safari hiyo hupimwa kwa watu wenyewe.

Namba ya kwenye kipeperushi naijua ilikotoka. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Kiel, Ujerumani, likiongozwa na Profesa Ehrhardt Proksch, lilichapisha jaribio la wanawake 114 wenye miaka 45 hadi 65. Wengine walikunywa gramu 2.5 za peptaidi za kolajeni kila siku, wengine walikunywa unga wa kufanana nao usiokuwa na kolajeni, yaani plasebo, na si wanywaji wala wapimaji waliojua nani amepewa kipi. Baada ya wiki 8, ujazo wa makunyanzi ya pembeni mwa jicho kwa waliokunywa kolajeni ulikuwa chini kwa wastani wa asilimia 20 kuliko wa waliokunywa plasebo. Mwaka huo huo walichapisha jaribio jingine la wanawake 69 wa miaka 35 hadi 55, wakaona ngozi inavutika na kurudi vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenzako hajabuni namba, na kwa umri wako wewe ni mmoja wa wanawake ambao jaribio lile liliwalenga. Hilo nalisema kwa haki yake.

Lakini isome vizuri ile asilimia 20. Haina maana kwamba katika makunyanzi matano moja limetoweka, wala kwamba utaonekana mdogo kwa miaka kumi. Ni ujazo, yaani kina na upana wa mikunjo kwenye sehemu ndogo ya pembe ya jicho, uliopimwa kwa kifaa cha mwanga kinachoona tofauti ambazo jicho la jirani yako halizioni. Tena unga uliopimwa ni bidhaa moja maalumu, Verisol ya kampuni ya Gelita. Kopo la jina jingine, lililochanganywa na vitu vingine na kwa kipimo kingine, haliwezi kurithi matokeo hayo kwa sababu tu limeandikwa kolajeni. Na kama kipeperushi kina picha za kabla na baada, ziache. Taa ikisogezwa kidogo, kidevu kikiinuliwa, uso ukipakwa mafuta, sura inabadilika bila unga wowote kunywewa.

Kampuni zilitaka kuyatumia matokeo ya namna hiyo kwenye matangazo Ulaya, na huko kuna chombo kinachochunguza madai kabla ya kuyaruhusu, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya. Mwaka 2013 wataalamu wake walipitia ushahidi wa Verisol P kuhusu unyumbufu wa ngozi, yaani kuvutika na kurudi kwake, na kazi yake, wakahitimisha kwamba uhusiano wa unga huo na kuboreka kwa kazi ya ngozi haujathibitika. Miaka miwili kabla ya hapo walifikia uamuzi kama huo kuhusu kolajeni iliyokatwakatwa na afya ya viungo vya mifupa. Kwa hiyo neno "umethibitishwa", likisemwa kavu namna hiyo, limezidi ushahidi.

Majaribio hayakuishia hapo. Yaliongezeka Brazili, Japani, Korea, China na Ulaya, na wachambuzi wakaanza kuyajumlisha. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi wa majaribio 19 yenye watu 1,125, karibu wote wanawake, ukasema unyevu wa ngozi umeongezeka, unyumbufu umeongezeka, makunyanzi yamepungua. Mwaka 2023 ukafuata mwingine wa majaribio 26 na watu 1,721, nao ukaona faida kwenye unyevu na unyumbufu. Kama ungeniandikia wakati ule ningekujibu kwamba kitu kipo, ni kidogo, lakini kipo.

Uchambuzi ulionifanya nibadili sauti ni wa mwaka 2025, uliochapishwa na jarida la American Journal of Medicine. Watafiti wake wa Korea Kusini walikusanya majaribio 23 yenye watu 1,474. Walipoyatia yote kwenye kapu moja, kolajeni ilishinda kama kawaida. Kisha wakafanya jambo ambalo natamani lingefanywa mapema: wakayagawa kwa kuuliza nani alilipia. Yale yaliyopata fedha za kampuni yalionyesha faida kwenye unyevu, unyumbufu na makunyanzi. Yale ambayo hayakupata fedha za kampuni hayakuonyesha faida kwenye kimojawapo. Wakayagawa tena kwa ubora wa jinsi yalivyoendeshwa, na yale yenye ubora wa juu hayakuonyesha faida yoyote.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa ngozi yenyewe ndiyo inayozungumziwa. Sisemi kwamba watu wa viwandani wanaghushi matokeo. Matokeo yanaweza kuvutwa bila mtu kusema uongo hata mara moja. Chukua jaribio la watu 40, pima vitu kumi na viwili kwenye nyuso zao, na kimojawapo huenda kikaonekana kizuri kwa bahati tu. Hicho ndicho kitakachoandikwa juu kabisa. Au changanya kolajeni na vitamini C, zinki na asidi ya hayaluroniki kwenye chupa moja, kisha sifa yote uipe kolajeni. Au fanya majaribio matatu, lililokataa ulifungie kabatini, yaliyokubali uyapeleke kwenye jarida. Msomaji wa kipeperushi atayaona mawili, wala hatajua kwamba kulikuwa na la tatu. Ndiyo maana mimi swali la nani alilipia nalipa uzito sawa na swali la nini kilionekana.

Nawe uelewe upande wa pili, nisije nikawa mimi ninayevuta. Majaribio yasiyo na fedha za kampuni ni machache, na faida ndogo inaweza kupita bila kuonekana kwenye majaribio machache. Kwa hiyo sikuambii kwamba kolajeni haifanyi kitu chochote mwilini. Nakuambia kwamba baada ya miaka yote hii ya kupima, faida ikiwepo ni ndogo kiasi kwamba inaonekana vizuri kwa mwenye mali na inafifia kwa asiye na mali. Unga huu ungekuwa dawa kwenye rafu ya kliniki, kalamu yangu isingekuandikia.

Kuna jambo jingine ambalo kipeperushi hakikugusia. Sehemu kubwa ya majaribio haya yalifanywa kwa wanawake wa Ulaya na wa Asia ya Mashariki, na ngozi yetu haizeeki kwa mpangilio ule ule. Utafiti wa mwaka 1979 ulipima ni kiasi gani tabaka la juu la ngozi linazuia mionzi ya urujuanimno inayounguza: kwa kipimo kama kile cha mafuta ya kuzuia jua, ngozi nyeusi ilikuwa na kinga ya asili ya takriban 13, ngozi nyeupe takriban 3. Melanini yetu, yaani rangi ya asili ya ngozi, imetupa kofia ya kuzaliwa. Makunyanzi madogo madogo huja kwetu yakiwa yamechelewa kwa miaka mingi. Kinachotutangulia ni madoa, rangi ya uso kutolingana, na baadaye mashavu kushuka. Wanawake wengi wa umri wako wanaokuja kwangu wakisema "nimezeeka uso", nikiwaangalia naona weusi wa kwenye mashavu na paji, na unyevu uliopungua. Kwenye madoa ya rangi, majaribio ya kolajeni niliyokutajia hayana la kukusaidia, kwa kuwa yalipima unyevu, unyumbufu na makunyanzi.

Ukomo wa hedhi nao una sehemu yake. Homoni ya estrojeni huwasukuma mafundi wa kolajeni, na inapokatika, ngozi hupoteza kolajeni kwa kasi: tafiti zilizofanywa Uingereza zilikadiria karibu asilimia 30 katika miaka mitano ya mwanzo, kisha kasi inapungua. Uko ndani ya miaka hiyo mitano. Mabadiliko unayoyaona mwaka huu hayatokani na uzembe wako, wala hayataendelea kwa kasi hii maisha yako yote.

Basi tuje kwenye mkorogo.

Michanganyiko hii hutofautiana kwa muuzaji, lakini vitu vitatu vinajirudia: haidrokwinoni ambayo ni kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, zebaki, na steroidi kali za kupaka kama klobetasoli. Steroidi ni dawa ya heshima ikitumika kwa wiki mbili kwenye ukurutu, chini ya macho ya daktari. Ikipakwa usoni kila siku kwa miaka, inawaamuru faibroblasti waache kusokota kolajeni. Ngozi inanyauka na kuwa nyembamba, vimishipa vinatokeza, ukijigonga kidogo unavilia damu, na mapajani hutokea michirizi. Hayo mawili ya mwanzo ndiyo uliyoniandikia kwa maneno yako mwenyewe. Kwa miaka sita mafundi wako walikuwa wamekalishwa chini kwa amri, na huo ni upotevu wa kolajeni mkubwa kuliko chochote ambacho gramu chache za unga kwa siku zimewahi kuonyeshwa kukirudisha. Wanawake wa majaribio ya kolajeni waliingia wakiwa na ngozi nzima, inayozeeka kawaida. Hawakuwa na ngozi iliyonyaushwa na steroidi. Kwa hiyo matokeo yao, hata yangekuwa ya kuaminika kabisa, hayakuhusu wewe.

Habari njema ni kwamba mafundi hao huamka. Steroidi ikiachwa, unene wa ngozi hurudi kwa sehemu, polepole, kwa miezi na hata zaidi ya mwaka. Michirizi hubaki. Vimishipa vilivyokwisha kutanuka mara nyingi havirudi vyenyewe, lakini vinaweza kutibiwa kwa mwanga wa leza. Miaka miwili tangu uache ni muda wa kutosha kuona nafuu, na wewe unasema hali imebaki vile vile. Hapo mimi huuliza swali moja kabla ya mengine yote: una uhakika umeacha? Sikutuhumu, mdogo wangu. Nimewaona wengi walioacha mkorogo wa kuchanganywa kwenye ndoo, wakahamia kwenye losheni ya dukani au krimu ya "kung'arisha" au "kuondoa madoa", ambayo ndani yake steroidi imo ingawa kwenye lebo haipo. Dalili yake ni kwamba ukikaa siku chache bila kuipaka, uso unawaka, unawasha na kuota vipele, ukirudi kuipaka unatulia. Kama hilo linakutokea, usiikatishe krimu hiyo ghafla peke yako. Daktari wa ngozi atakushusha kwa ngazi.

Na ukiona kwenye mashavu weusi wa kibluu au kijivu unaozidi licha ya kuacha, huo huenda ni uharibifu wa haidrokwinoni. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975 kwa wanawake waliotumia krimu za kujichubua, na watu wengi hukosea wakaongeza krimu kali zaidi juu yake.

Kipi basi kina ushahidi? Kuna viwili ambavyo navisimamia. Kwanza ni kujikinga na jua. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa kwa kura: wengine waliagizwa kupaka mafuta ya kuzuia jua kila siku, wengine wakaachwa wapake wanavyopenda. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi ya waliopaka kila siku ilikuwa imezeeka kidogo kwa asilimia 24 kuliko ya wenzao. Wale walikuwa zaidi watu weupe, nakubali, na faida yetu kwenye makunyanzi haiwezi kuwa kubwa kiasi hicho. Lakini ngozi iliyonyaushwa na mkorogo haina tena kinga yote iliyozaliwa nayo, na kwa madoa ya uso hakuna matibabu yanayodumu bila kinga ya jua. Kwa ngozi yetu chagua yale yenye rangi ya udongo ndani yake, yaani oksidi ya chuma, kwa sababu hiyo inazuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa. Pale Moshi hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo utaalamu huu si mgeni nchini. Na siku ambayo mafuta hayapo, mwavuli na kofia pana wakati wa gwaride la asubuhi vinatosha kufanya kazi kubwa.

Cha pili ni tretinoini, jamaa ya vitamini A, inayouzwa kwenye maduka ya dawa kama krimu au jeli ya chunusi. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichukua vinyama vya ngozi iliyoharibiwa na jua kabla na baada ya miezi 10 hadi 12 ya kupaka. Kwa waliopaka tretinoini utengenezaji wa kolajeni uliongezeka kwa asilimia 80, kwa waliopaka krimu tupu ulipungua kwa asilimia 14. Huo ndio ushahidi ninaoutaka: kolajeni yenyewe imepimwa, ndani ya ngozi ya mtu, na kuna kundi la kulinganisha. Hata hivyo usikimbilie duka la dawa leo. Kwenye ngozi nyeusi, tretinoini ikianzwa kwa nguvu huwasha, na muwasho huacha madoa. Kwenye ngozi nyembamba kama yako huchubua. Inaanzwa na daktari, kwa kipimo kidogo, usiku mara mbili kwa wiki, baada ya ngozi kutulia.

Kuhusu chakula nitasema machache tu. Mwili wako unatengeneza kolajeni kutokana na protini yoyote ya kutosha, na unga wa kolajeni, kama protini, una upungufu: hauna kabisa triptofani, asidi amino ambayo lazima uipate kwenye chakula. Hauwezi kuziba nafasi ya mayai, maharage wala dagaa. Dagaa unawala na ngozi na mifupa yao, kwa hiyo kolajeni nayo unaipata humo humo. Kinachohitajika pembeni ni vitamini C, maana bila hiyo vimeng'enya vinavyotengeneza haidroksiprolini havifanyi kazi na kamba haisokoteki. Mabaharia wa zamani waliokosa matunda walivuja damu kwenye fizi na vidonda vyao vya zamani vikafumuka kwa sababu hiyo, mpaka daktari wa meli James Lind alipowapa baadhi yao machungwa na ndimu mwaka 1747. Wewe huna haja ya kuinunua kwenye kopo. Gramu 100 za mapera zina miligramu zaidi ya 200, na mwanamke mzima anahitaji kama 75 kwa siku. Muheza iko jirani yako, machungwa yapo.

Kama baada ya haya yote bado unatamani kuujaribu unga, ni pesa yako na mwili wako, na kwa mtu mwenye figo nzima hauna madhara makubwa zaidi ya tumbo kujaa. Soma lebo ujue kolajeni imetoka kwa mnyama gani. Ya nguruwe ni ya kawaida sana sokoni, na neno ng'ombe peke yake haliwaambii Waislamu kama alichinjwa kwa halali. Mwenye mzio wa samaki aepuke ya samaki. Majaribio yalitumia gramu 2.5 hadi 10 kwa siku kwa wiki 8 hadi 12, hivyo kopo moja halitoshi hata kulinganisha. Wiki 12 kwa bei ya mwenzako ni karibu Sh 285,000, na ningependa ujue hesabu hiyo kabla ya kulipia kopo la kwanza. Ukiona kwenye lebo kuna glutathioni ya "kung'arisha", rudisha. Hiyo ni peptaidi ya kazi nyingine, na itakurudisha kwenye mlango uliokwisha kutoka. Sindano zake usizikubali kabisa.

Nimesema figo nzima, na kwako neno hilo lina maana ya pekee. Zebaki ya kwenye mkorogo hupenya ngozi ikaumiza figo, na mtu anaweza asijue kwa miaka. Haidroksiprolini nayo, ile ile inayosifiwa, mwilini hugeuka kwa sehemu kuwa oksaleti, kitu kinachojenga mawe ya figo, na watu waliopewa jelatini nyingi kwenye utafiti walionekana kutoa oksaleti zaidi kwenye mkojo. Mwalimu anayesimama darasani kutwa nzima, kwenye joto la Tanga, akinywa maji kidogo ili asitoke toke, ana sababu ya kulifikiria hilo. Kwa hiyo kabla ya kununua kopo lolote, kapime protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu. Ni vipimo vya kawaida, hospitali ya wilaya inavifanya. Kikitoka kibaya, unga huo si wako.

Mwenzako usimgombeze. Yaelekea amepewa kipeperushi kama ulivyopewa wewe, na anatafuta riziki. Mwambie daktari amekuagiza vipimo kwanza.

Siku ya kwenda kliniki ya ngozi, nenda asubuhi uso ukiwa haujapakwa kitu. Kwenye mfuko weka kila unachopaka na kunywa sasa hivi: losheni, sabuni, krimu ya usiku, vidonge, hata kile kikopo kisicho na jina ambacho rafiki alikugawia. Na kama chupa ya ule mkorogo wa zamani ipo mahali kabatini, ifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni uje nayo pia. Mwambie daktari ni miaka mingapi, mara ngapi kwa siku, na sehemu zipi za mwili. Wala usimwonee haya, maana kila wiki tunawapokea wenye historia kama yako, na tunachohitaji kujua ni kile kilichokuwa ndani ya chupa.